Nilikosa Basi kwa Kuwaza Kizungu

Hotuba kwa walimu wastaafu, Moshi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, walimu wenzangu wastaafu, pamoja na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi mkidhani tutamaliza mapema: itifaki imezingatiwa. Walionizidi umri, shikamooni. Wengine wote marahaba, hata wale ambao hawajaamkia.

Katibu aliponipigia simu alisema nitapewa nusu saa nieleze habari za Ethiopia, "yale uliyoyafurahia tu, Mwalimu, siasa tuiache." Nikamwambia nusu saa haitoshi hata kunywa kahawa ya kule. Akacheka, akidhani namtania.

Wengi wenu mnanijua. Nimefundisha jiografia miaka 33. Bonde la Ufa nimelichora ubaoni mpaka mkono ukawa unalichora wenyewe. Mto Nile nimeuchora kwa chaki za rangi mbili, nimewakaririsha watoto wa watu majina ya milima ya Uhabeshi, na katika miaka yote hiyo mpaka pekee niliowahi kuvuka ulikuwa wa Taveta, siku ya soko. Nilipostaafu mwaka 2014 na kiinua mgongo kikaingia, watoto wakasema nibadilishe bati, kaka yangu akasema ninunue ng'ombe wa maziwa. Nikabadilisha bati, nikanunua ng'ombe, na kilichobaki, kabla hakijapata mshauri mwingine, nikakatia tiketi ya kwenda Addis Ababa. Ukiondoka pale KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama saa mbili na nusu tu angani. Kwa basi la Dar es Salaam, muda huo hata Korogwe hujafika.

Nilikula Krismasi na ukoo mzima kule Kibosho, na tarehe 29 Desemba nikaondoka.

Sasa nianze na aibu, maana ndiyo iliyonifungulia nchi ile.

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Siku yao inaanza na jua. Saa moja ya asubuhi ni saa moja, saa sita ya mchana ni saa sita, giza likiingia wanaanza tena moja. Nilikuwa nimelisoma hili kitabuni na kulisahau, na siku ya kwanza, pale mapokezi ya hoteli, nilipomtazama kijana aliyekuwa ananiandika nikaona saa yake ya mkononi, nikabaki namcheka peke yangu kama mwendawazimu. Ilikuwa kweupe, chai ndiyo inaandaliwa, na mshale mfupi wa saa yake uko kwenye moja. Hebu tazameni saa zenu mlizovaa. Sisi tunavaa saa iliyopangwa kwa hesabu ya wenzetu: mshale uko kwenye saba, mdomo unasema saa moja, na hatuoni ajabu. Mtoto wa darasa la pili tunamfundisha kutazama namba hii na kutaja ile ya upande wa pili. Wenzetu hawakutaka usumbufu huo. Wengi wao wameigeuza saa yenyewe.

Kwa hiyo mimi, mtu wa saa za Kiswahili tangu kuzaliwa, nilitakiwa niwe mgeni wa mwisho duniani kupotea katika hesabu hiyo. Sikilizeni sasa.

Nilikuwa nimepanga kufika Lalibela, mji wa makanisa ya kale, kabla ya tarehe 7 Januari, ambayo ndiyo Krismasi yao. Nikaenda kituo cha mabasi cha Merkato kukata tiketi. Mkata tiketi kijana mwenye heshima zake, Kiingereza anakijua kidogo, mimi Kiamhari sina hata cha kuombea maji. Nikamuuliza kwa Kiingereza gari linaondoka saa ngapi. Akajibu kwa Kiingereza: kumi na moja. Nikashukuru. Na kwa kuwa nilikuwa nimeuliza Kizungu na kujibiwa Kizungu, kichwa changu kikafanya kile ambacho kimefanya miaka sitini: kikasikia kumi na moja ya Kizungu, kikaigeuza, kikapata saa tano asubuhi. Muda mzuri kabisa, nikasema. Nitakunywa chai taratibu.

Kesho yake nikafika kituoni saa nne na nusu, mapema, nimejipongeza, begi mkononi. Uwanja mtupu. Mbwa wawili, mfagiaji, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Nikamwonyesha tiketi. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Akavuta mkono wa koti akanionyesha saa yake: nne na nusu. Kisha akaweka kidole kwenye ile 11 ya kwenye tiketi, halafu akapunga mkono kuelekea kaskazini, ule mkono wa kumuaga aliyekwisha kwenda zamani.

Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na moja. Alfajiri. Saa kumi na moja ile ile ambayo mabasi yetu ya mikoani yalikuwa yanaondoka enzi zile, saa ambayo bibi yangu angeielewa bila mkalimani. Yule kijana alikuwa amenitajia saa za Kiswahili kabisa, na mimi nikamsikia kwa sikio la Kiingereza.

Nilipoitazama ile tiketi vizuri nikakuta na tarehe. Ilikuwa 3 Januari 2015. Tiketi iliandikwa 25/4/2007. Kalenda yao ina miezi kumi na mitatu, kumi na miwili ya siku thelathini thelathini na mmoja mdogo wa siku tano, au sita mwaka mrefu, na mwaka wao unaanza Septemba, ukiwa nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Kumbe, nikajiambia, mwaka huu wa 2007 mimi bado niko kazini, nimebakiza miaka saba ya mshahara. Nilitamani kuibeba tiketi ile nimpelekee afisa utumishi.

Lakini kucheka huko kulikuja baadaye. Wakati ule nilikaa juu ya begi langu na machozi yakanilenga. Mwanamke mtu mzima, mwalimu, nimeachwa na gari kwa kushindwa kusoma saa.

Pembeni ya uwanja kulikuwa na mama anauza kahawa. Alikuwa amemwaga majani mabichi chini mbele yake, vigoda vidogo vimezunguka, jiko la mkaa, na chungu cheusi chenye shingo ndefu na tumbo kama la mama mjamzito. Aliniita kwa mkono. Sikwenda. Akainuka, akaja, akalibeba begi langu bila kuniuliza, akasema neno moja: *ayzosh*.

Neno hili nilikuja kulisikia nchi nzima. Ukijikwaa, ayzosh. Ukikohoa, ayzosh. Ukipanda kilima pumzi zikakata, na Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, mtu usiyemjua anapita anakwambia ayzosh. Mwanamume anaambiwa *ayzoh*. Mara ngapi tumehangaika kumtafsiria Mzungu neno "pole"? Unamwambia pole, anajibu kwamba si kosa lako. Kule sikuhitaji tafsiri. Ila pole yetu inakaa chini na wewe, ya kwao inakushika kwapa ukainuka.

Nikainuka. Nikaketi kwenye kigoda.

Hapa inabidi niwapeleke nyumbani kwanza. Mimi ni mtoto wa kahawa. Kihamba cha baba kilikuwa na migomba juu na kahawa chini, kama vihamba vya wengi wenu. Tulichuma nyekundu tu, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaosha, tukaanika kwenye vichanja, na mvua ikianza usiku tulitolewa kitandani kwenda kufunika. Magunia yalikwenda chama cha msingi, kutoka hapo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kutoka hapo mnadani, halafu baharini. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vichanja vile. Sare pia, na kitanda, na bati la kwanza la nyumba yetu. Na pamoja na hayo yote sikumbuki kumwona baba yangu akinywa kahawa. Hata siku moja. Tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa kama pesa ya mtu mwingine iliyopita mikononi mwetu: unaitunza, unaihesabu, unaikabidhi. Nyanya, mama yake baba, alikuwa akisema ile ni dawa ya Wazungu ya kukosa usingizi.

Wamisionari walioileta Kilema mwishoni mwa karne ya 19 walileta mbegu. Desturi yake waliiacha huko ilikotoka.

Sasa nimekaa kituoni Merkato, na mama yule anaosha buni mbichi kwenye kikaango bapa, anazisugua kwa kiganja, anamwaga maji, anasugua tena. Anaziweka juu ya mkaa. Zinakuwa njano, zinakuwa kama rangi ya kahawia ya ngozi yangu, zinaanza kupasuka pa, pa, mafuta yanatoka. Moshi ulipokuwa mzito akainuka na kikaango akakipitisha mbele ya kila mmoja wetu, na watu wakauvuta moshi kwa mkono kuelekea usoni, kama waumini na ubani. Nami nikauvuta. Jamani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunusa kahawa inayokaangwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilikuwa na umri wa miaka sitini, binti wa mkulima wa kahawa.

Akatwanga kwenye kinu kidogo, akamimina chunguni. Chungu kile wanakiita *jebena*. Aliposhika shingo yake akamimina, alikiinua juu kuliko nilivyotegemea, mchirizi mwembamba kama uzi wa kushonea, ukapita kikombe hadi kikombe bila kukatika wala kudondoka tone. Vikombe vidogo visivyo na mkono, kama vya wauza kahawa wa Tanga. Badala ya kashata walitupa bisi.

Msichana mmoja mwanafunzi aliyekuwa karibu alijua Kiingereza, akawa mkalimani wangu. Nikamwuliza kahawa wanaiitaje. *Buna*, akasema. Nikamwambia kwetu punje zake tunaziita buni. Akapiga makofi. Tukaanza mchezo. Saa? *Sa'at*. Saba? *Sebat*. Kitabu wanakiita *mets'haf*, na sisi tuna msahafu. Sababu yake si muujiza. Kiamhari na Kiarabu ni ndugu wa ukoo mmoja, na Kiswahili kimekaa na Kiarabu baraza moja karne nyingi. Lakini kuijua sababu hakukupunguza utamu.

Nilipomaliza kikombe nikataka kuondoka nikatafute gari. Mama akanishika goti. Msichana akanieleza kwamba hicho ni cha kwanza tu, kinaitwa *abol*. Kuna cha pili, *tona*. Mama anaongeza maji kwenye machicha yale yale, kahawa inapungua ukali. Na cha tatu nacho? *Bereka*, akasema. Nikamwomba arudie. Bereka. Baraka.

Mtu haondoki kabla ya baraka. Nikakaa. Mambo haya yalichukua karibu saa mbili, na katika saa mbili hizo yule mzee wa kofia ya sufi, ambaye sikumwomba kitu, alikuwa amekwenda dirishani, amebishana kwa niaba yangu, amerudi na tiketi ya kesho yake. Aliniandikia saa kwa kalamu kwenye kiganja changu, akachora na jua dogo linalochomoza, ili nisirudie ujinga. Alikataa pesa. Mama wa kahawa alichukua ya kikombe kimoja.

Siwezi kuwaeleza kila kituo cha safari ile, Mwenyekiti ananiangalia. Niseme tu kwamba kuanzia siku hiyo nilijiwekea sheria: nikiambiwa saa, naipokea kama nilivyoipokea kwa mama yangu. Sikukosa gari tena.

Lalibela ni safari ya siku mbili kwa basi, tukalala Dessie. Milima ile! Nimeishi chini ya Kilimanjaro, lakini Kilimanjaro ni mmoja, umekaa peke yake kama mwenyekiti. Kule ni kikao kizima. Unapanda, unashuka bonde, unapanda, na huko chini unaona jamaa na plau na ng'ombe wawili wanalima shamba la ukubwa wa kanga. Ndani ya basi hakuna aliyekubali dirisha lifunguliwe, kwa kuogopa upepo, kwa hiyo hapo napo nilijisikia nyumbani.

Makanisa ya Lalibela yako kumi na moja, na hayakujengwa. Yamechongwa. Mafundi wa karne ya 12 na 13 walianza na mwamba ulioko chini ya miguu yao, wakachimba handaki kuuzunguka, kisha wakachonga kutoka juu kushuka: paa kwanza, madirisha baadaye, mlango mwisho. Fundi mwashi akikosea anabomoa tofali, anaweka lingine. Fundi wa pale akikosea amekosea milele. Kanisa la Mtakatifu Giorgis ukilijia kwa juu unaona msalaba umelala ardhini, usawa wa nyayo zako, na inabidi usogee ukingoni ndipo ugundue kwamba una nyumba nzima chini yako. Nilifundisha aina za miamba, nikataja matumizi yake: ujenzi wa barabara, kokoto. Sikuwahi kutaja hili.

Usiku wa kuamkia sikukuu mji ulijaa watu wa shuka nyeupe. Wengine walikuwa wametembea kwa miguu siku nyingi, na visigino vilisema hivyo. Nilijibana kwenye umati wa kanisa la Mariamu kuanzia saa tatu usiku. Baridi ile ya mita 2,500 inaingia kwenye mifupa na kukaa. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, misa ikizidi saa moja na nusu naanza kutazama saa. Hawa walisimama usiku kucha, wanaume wazima wameegemea fimbo maalumu za kusalia, zenye kichwa cha kuwekea kidevu au kwapa. Kulipokucha mapadre walijipanga juu, kwenye ukingo wa mwamba unaozunguka ua wa kanisa, wengine chini uani, ngoma zikaanza taratibu, wa juu wanaimba, wa chini wanajibu, wanayumba pamoja kama mgomba kwenye upepo. Sikuelewa neno. Nililia, na sasa si kwa ajili ya basi.

Bibi aliyekaa kando yangu chini, mzee kunizidi, alinitazama nikilia, hakusema kitu. Akafungua fundo la shuka yake, akatoa *kolo*, shayiri iliyokaangwa, akanimiminia kiganjani. Akafunga fundo. Baada ya muda akafungua tena, akanimiminia tena. Tulitafuna hadi jua likatoka. Jina lake sikulijua. Mwaka 2021 vita vilipofika Lalibela nilikaa mbele ya televisheni kila jioni namtafuta katika nyuso, jambo la kijinga, kwa umri wake. Katibu alisema siasa tuiache. Naiacha.

(Viroboto vya mazulia ya makanisa pia naviacha, ingawa vyenyewe havikuniacha mimi mpaka nimerudi Moshi.)

Chakula sasa, maana naona vijana wameanza kuinama kwenye simu. Nilipofika Addis walikuwa kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi. Mimi nimetoka Kibosho tarehe 29 Desemba, mnajua tumbo langu lilikuwa na nini. Nikaingia kwenye *shiro*, uji mzito wa unga wa dengu wenye viungo, juu ya *injera*. Injera ni kama chapati ya maji iliyochachushwa, pana kama sinia, ina vishimo vishimo, na siku ya kwanza niliiona chachu, nikaivumilia kwa adabu. Siku ya nne niliitafuta mwenyewe.

Asubuhi ile ya sikukuu, mfungo ukiisha, familia iliyonipangisha chumba iliniita mezani. Wote sinia moja. Kabla sijanyoosha mkono, mama mwenye nyumba akakata kipande cha injera, akakichovya kwenye mchuzi wa kuku, akaviringisha tonge kubwa, akanielekezea mdomoni. Nikarudi nyuma. Watu wakacheka. Ile inaitwa *gursha*. Unamlisha mgeni, unamlisha rafiki, mtu mzima kwa mtu mzima, na tonge lazima liwe kubwa kiasi cha kukuzuia kusema. Sisi desturi hii tumewabakizia maharusi, na keki yao na ndafu yao, siku moja katika maisha, tena mbele ya kamera. Nikafungua mdomo. Mwisho kulishwa nilikuwa mtoto.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, nilikula *kitfo*, nyama mbichi iliyosagwa na kuchanganywa na siagi ya viungo na pilipili. Naona mnakunja nyuso. Nyinyi, wanywaji wa kisusio, supu yetu ya damu, mnamkunjia nani uso?

Nilikwenda na Bahir Dar, mji wa kando ya Ziwa Tana, kuuona Mto Nile. Hili ni deni langu kwa wanafunzi wangu wa zamani, na baadhi wako humu ndani. Niliwafundisha kwamba chanzo cha Nile ni Ziwa Victoria, nikakazia, kwa sababu ziwa ni letu na swali lilikuwa linatoka kwenye mtihani. Nile ya Buluu niliipa mstari mmoja: inatoka Ziwa Tana, inakutana na mwenzake Khartoum. Sikuwaambia kwa uzito unaostahili kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Misri yanatoka kwenye nyanda za juu za Ethiopia, pamoja na udongo mweusi uliowalisha watu wa huko tangu enzi za Mafarao. Maporomoko yake, yale ya picha ya kitabuni, nilikuta yamekonda. Januari ni kiangazi, na maji mengi yanaelekezwa kwenye mtambo wa umeme. Nilisimama pale nikihisi nimekuja kumwona mtu maarufu nikamkuta anaumwa.

Jioni yake nilikaa na mwalimu mwenzangu wa huko, wa hisabati. Akaniambia amekatwa mshahara wa mwezi mzima, kidogo kidogo, kuchangia bwawa kubwa walilokuwa wameanza kulijenga kwenye mto ule mwaka 2011. Nikauliza kama alikasirika. Akafikiri, akasema mwezi wa kwanza alikasirika. Bwawa lilizinduliwa Septemba 2025, na kitu cha kwanza nilichowaza ni ule mwezi wake mmoja.

Addis yenyewe sitaisema sana. Mwaka ule barabara zilikuwa zimefumuliwa kujenga reli ya mjini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilisimama nje ya jengo la Umoja wa Afrika, mlinzi hakuniruhusu kupiga picha, na alikuwa anafanya kazi yake. Hapo ilikuwa kabla Kiswahili hakijafanywa lugha ya kazi ya Umoja huo, Februari 2022, na kabla sanamu ya Mwalimu Nyerere haijasimamishwa pale, Februari 2024. Ikibidi nirudi, sababu ninayo. Mji wa kale wa Harar pia sikufika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya mwisho nilirudi Merkato kumtafuta yule mama wa kahawa. Hakuwepo, palikuwa na mwingine. Nikanunua jebena. Nimeipakata kutoka dirishani mwa duka hadi KIA, kwenye ndege ilikaa mapajani kama mjukuu, na pale KIA mtu wa forodha aliigeuza geuza akaniuliza ni chungu cha mganga.

Kaka yangu, ndiye mrithi wa kihamba. Wakati ule alikuwa na miaka 74, ameshughulikia kahawa tangu akiwa mtoto. Jumapili moja nilimwita. Nilikuwa nimemwomba kilo mbili za buni zake mwenyewe, na alinipa huku akinung'unika kwamba bei ya mwaka huo ilikuwa nzuri. Nikakata majani mabichi nikayamwaga sakafuni sebuleni. Akasimama mlangoni.

"Dada, unamwaga chini chakula cha ng'ombe?"

Nikamwambia akae. Nikaosha, nikakaanga, nikampelekea moshi usoni. Alidhani nataka kumfukiza. Nilipomimina, mkono ulinitetemeka, nikamwaga nusu kwenye sinia, sikuweza kuuvuta ule uzi na mpaka leo siuwezi. Akanywa kikombe cha kwanza akakunja uso, akaomba sukari. Akainuka, nikamshika goti. Cha pili alikinywa anatazama nje, kwenye vichanja. Alipofika cha tatu akageuka akaniuliza, kwa Kichagga, kama ile ilikuwa kahawa ya pale pale, ya kichanja kile. Nikasema ndiyo, kaka, ya kile cha mwisho, karibu na mfereji.

Hakusema kitu. Alinyoosha kikombe.

Tangu hapo ni kila Jumapili baada ya misa. Siku hizi simwiti, anakuja mwenyewe, na majani ya kumwaga chini anayakata yeye.